Neno "salary" na chumvi ya Warumi: askari walilipwa chumvi kweli, au hadithi imetiwa chumvi?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na kila nikifika kwenye mada ya maneno ya kuazima nawapa wanafunzi mfano uleule: "salary" limetoka kwenye Kilatini salarium, ndani yake mna sal, yaani chumvi, kwa sababu askari wa Kirumi walilipwa chumvi. Darasa huchangamka, wanacheka, wanaandika. Jumatano iliyopita nikaandika hivyohivyo ubaoni. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, wakishalipwa chumvi, mboga walinunua na nini?"

Nikamjibu kwamba walibadilishana. Akauliza tena: "Kambi nzima ina chumvi. Wabadilishane na nani?" Darasa kimya. Kengele ikalia nikiwa bado natafuta la kusema.

Nimemwahidi jibu Jumatatu. Njia ya neno naijua: Kilatini salarium, Kifaransa cha kale salaire, Wanormani wakaingia England mwaka 1066 na lugha yao, na kufika karne ya 14 Kiingereza kikawa nalo. Shida yangu ni hiyo chumvi. Mwenye uhakika anisaidie, "inasemekana" ninazo za kutosha.

#2 Kijana wa Kariakoo
Mwalimu, mbona hili liko wazi? Enzi zile chumvi ilikuwa dhahabu. Nyama bila chumvi inaoza, na jeshi lenye njaa halitembei. Mwisho wa mwezi askari anapimiwa chumvi yake, basi. Hata "soldier" ni hadithi hiyohiyo: Kilatini sal dare, kutoa chumvi. Mwambie binti akasome vitabu.

#3 Shangazi Msomaji
Kijana, huyo binti ameuliza swali ambalo sisi wote tulilipita tukiwa na umri wake. Mwache aulize.

Na "soldier" halina chumvi hata punje. Kulikuwa na sarafu ya dhahabu iliyoitwa solidus, kaisari Constantine aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 4. Jina likasagika midomoni mwa watu mpaka kwa Kifaransa cha kale likawa soude, malipo. Anayepigana kwa malipo akaitwa soudier. Hadi leo mshahara wa mwanajeshi Ufaransa ni solde. Hiyo L iliyomo kwenye neno la Kiingereza ilirudishwa na waandishi waliotaka lifanane na Kilatini chake. Kwa hiyo kama ni kutafuta madini ndani ya askari, ni dhahabu.

#4 Karani Mstaafu
Heshima kwenu. Nimeandika daftari za mishahara miaka 29, niruhusuni niseme kuhusu malipo yenyewe.

Malipo ya askari wa Kirumi yalikuwa na jina lake, stipendium, na yalikuwa fedha. Wakati wa kaisari Augustus askari wa kawaida wa legioni alipata denari 225 kwa mwaka, zikitolewa kwa mafungu matatu. Kaisari Domitian akazipandisha hadi 300. Na karatasi ya mshahara tunayo! Iko Geneva, papiri iliyotoka Misri, ya miaka ya 80 hivi baada ya Kristo. Mwenyewe anaitwa Quintus Julius Proculus. Niliinakili siku nyingi kwa sababu hesabu yake inafunga vizuri:

Fungu la kwanza, drakma 248 (sarafu iliyotumika Misri).
Makato: nyasi kavu 10, chakula 80, viatu na vitambaa vya miguu 12, sikukuu ya Saturnalia kambini 20, nguo 60. Jumla 182.
Salio 66. Akiba aliyokuwa nayo 136. Jumla 202.

Karibu robo tatu ya fungu imekwenda na makato. Nilipoiona mara ya kwanza nilimwonea huruma huyu bwana kana kwamba namlipa mimi dirishani. Sasa mtafuteni chumvi humo. Haimo, upande wa kuingia wala wa kutoka.

#5 Kijana wa Kariakoo
Mzee Karani, shikamoo. La "soldier" nimekubali, ahsante Shangazi. Lakini chumvi si inaweza kuwa ndani ya hiyo 80 ya chakula?

#6 Mla Historia
Kijana ana hoja. Mwanahistoria Appian anaeleza vita vya Hispania mwaka 151 KK, jeshi la jenerali wa Kirumi Lucullus lilipokosa divai, chumvi, siki na mafuta. Wakala nyama iliyochemshwa bila chumvi, tumbo likawaendesha, wengi wakafa. Jeshi lisilozoea chumvi halingelalamika kuikosa. Ilikuwa sehemu ya mgao wao.

#7 Karani Mstaafu
Marahaba, kijana. Nakubaliana nanyi kwamba waliila. Ila aliyekatwa fedha kwa ajili ya chumvi hajalipwa chumvi, ameilipia.

#8 Shangazi Msomaji
Mzee, hiyo sentensi naihifadhi.

#9 Bwana Kamusi
Naona watu wanazunguka chanzo bila kukitaja. Maelezo yote haya yanasimama juu ya mstari mmoja wa Pliny Mkubwa, yule aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Kitabu cha 31 cha elimu yake ya viumbe kinazungumzia chumvi. Anasema chumvi imeingia mpaka kwenye heshima za vyeo na utumishi wa jeshi, na huko ndiko salaria zilikopata jina. Mwisho. Hasemi nani alipimiwa chumvi, wapi, kibaba kiasi gani. Tena anayasema kama mtu anayekumbusha jambo la kale, maana wakati wake salarium ilikuwa fedha taslimu, na mara nyingi ilikuwa posho ya wakubwa. Mwanahistoria Tacitus anasimulia jinsi Domitian alivyomnyima Agricola salarium ya kiliwali ambayo kwa kawaida hutolewa. Agricola, jenerali aliyetawala Britania, hakuwa anasubiri chumvi.

Jambo dogo la pembeni lililonifurahisha: ukurasa huohuo Pliny anasema Warumi waliita maneno matamu ya ucheshi sales, chumvi zile zile. Na sisi tunasema fulani anatia chumvi, ingawa kwetu imekwenda upande wa kuzidisha.

#10 Mla Historia
Bwana Kamusi, umeruka kipande. Mistari hiyohiyo Pliny anasema mfalme Ancus Marcius aligawia watu modio 6,000 (kipimo cha Kirumi) za chumvi na ndiye aliyeanzisha mashamba ya chumvi. Kwa hiyo wazo la mkubwa kutoa chumvi kwa watu wake Warumi walikuwa nalo.

#11 Bwana Kamusi
Kweli, nimeliruka. Ila ile ilikuwa zawadi kwa raia, na mfalme mwenyewe ni wa enzi za masimulizi.

#12 Mtoto wa Ruchugi
Wakuu, mmeongea sana habari za Roma. Mimi ni mzaliwa wa Uvinza, upande wa mto Ruchugi, na kwetu chumvi ililipa watu.

Bibi yangu alisimulia alichosikia kwa mama yake. Kiangazi mto ukipungua, watu walikuja kutoka mbali sana, wengine kuvuka ziwa Tanganyika. Maji ya chemchemi yanachotwa, yanamiminwa vyunguni, moto unakolezwa usiku na mchana. Chungu hakiachwi peke yake: maji yakipungua unaongeza, mpaka ukiona utando mweupe pembezoni unajua imekaribia, unapunguza moto isiungue. Inayobaki ni uji mzito wa kijivu unaochotwa na kukaushwa, kisha unafungwa mzigo. Fungu la wenye nchi linatengwa kwanza. Anayekata kuni, maana kuni ndiyo kazi kubwa kuliko zote, hakupewa kitu kingine: alipimiwa chumvi. Akirudi kwao anabadilisha kwa jembe, mbuzi, mahindi. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta kazi hii ina zaidi ya miaka 1,400.

Yule binti aliuliza wabadilishane na nani. Jibu la kwetu ni kwamba hukubadilisha palepale kwenye chemchemi. Ulibeba.

#13 Mwalimu wa Zamu
Mtoto wa Ruchugi, ahsante sana. Hili la kubeba sikulifikiria.

#14 Kijana wa Kariakoo
Ushindi! Chumvi ni malipo.

#15 Shangazi Msomaji
Uvinza ni Uvinza, kijana. Hata Ethiopia vipande vya chumvi, amole, vilikuwa pesa kamili sokoni mpaka karne ya 20. Hakuna anayebisha kwamba chumvi inaweza kulipa. Swali ni kama *Warumi* walifanya hivyo. Walikuwa na sarafu, na chumvi kwao ilikuwa ya kawaida. Amri ya bei ya kaisari Diocletian ya mwaka 301 inaweka modio ya chumvi denari 100, sawasawa na modio ya ngano. Bei ya ngano, mkuu, hiyo dhahabu uliyosema kwenye #2 iko wapi?

#16 Kijana wa Kariakoo
Basi walikuwa wanalinda barabara. Via Salaria, barabara ya chumvi kutoka Roma kwenda nchi ya Wasabini mpaka bahari ya Adriatiki. Askari wa kulinda misafara ya chumvi analipwa pesa ya chumvi. Nimesoma mahali.

#17 Bwana Kamusi
Barabara ipo, na Pliny naye anaitaja. Andiko linalosema walinzi wake walilipwa salarium ndilo ninaloliomba.

#18 Mama wa Chumbageni
Hamjambo wanangu. Nimesoma kimya tangu mwanzo, naomba niingie kwa mlango wa jikoni.

Juzi tumetoza mahari hapa mtaani. Mshenga amekuja na bahasha zake, kila moja imeandikwa juu. *Kilemba cha baba.* *Mkaja wa mama.* Nani kati yenu amewahi kuona kilemba kikitoka kwenye bahasha? Mkaja ni ile nguo mama aliyojifungia tumboni baada ya kumzaa binti. Leo mama anapokea noti, anazihesabu, anazifunga kwenye pindo la kanga yake. Jina limebaki la nguo. Tukienda msibani tunatoa ubani, hela hizo, na aliyefiwa hanunui ubani, ananunua mchele wa kulisha watu. Fundi akimwachia mwanafunzi wake kazi anadai kilemba chake. Mstaafu anapewa kiinua mgongo. Kijana wa ofisini anakwambia "mama, niachie ya soda" na soda hanywi, ana kisukari.

Sasa akija mgeni baada ya miaka elfu mbili akasoma daftari la kamati ya harusi ya Tanga, ataandika: watu hawa walioa kwa vilemba na mikaja. Atakuwa amekosea, lakini hakukosea kabisa, maana mwanzoni kweli ilikuwa nguo. Mimi naona salarium ni bahasha ya namna hiyo. Hela ya chumvi.

#19 Mtoto wa Ruchugi
Mama, shikamoo. Hii ni nzito.

#20 Bwana Kamusi
Mama wa Chumbageni, shikamoo. Umenipa kitu nilichokuwa nacho kabatini bila kukiona.

Kilatini kilikuwa na ukoo mzima wa bahasha hizo, zote zinaishia na -arium. Clavarium, hela ya misumari ya viatu. Vestiarium, hela ya nguo. Congiarium, iliyotokana na kipimo cha mafuta au divai, baadaye ikawa zawadi ya fedha kwa raia. Calcearium, hela ya viatu. Hii ya mwisho ina kisa chake kwa Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari: wanamaji waliokuwa wakitembea kwa miguu zamu kwa zamu toka Ostia na Puteoli mpaka Roma walimwendea kaisari Vespasian wakaomba calcearium. Aliwafukuza bila jibu, na akaamuru kuanzia siku hiyo watembee peku. Suetonius anasema wakawa wanatembea hivyo mpaka wakati wake.

Salarium imekaa safu hiyohiyo. Fungu lenye jina la kitu, linalolipwa kwa fedha.

#21 Kijana wa Kariakoo
Duh, pole zao. Lakini mkuu, huo ni ushindi wangu nusu. Mama amesema mwanzoni kweli ilikuwa nguo. Kwa hiyo mwanzoni kweli ilikuwa chumvi.

#22 Karani Mstaafu
Si lazima. Ya soda haikuanza na soda. Kuna bahasha zilizoanza na kitu na kuna zilizozaliwa na jina tu.

#23 Lushois
Jambo wote. Niko Lubumbashi, kwetu tunaandika salaire kwenye makaratasi na kusema mshahara nyumbani, kwa hiyo uzi huu ni wangu pande zote.

Kifaransa kinakubaliana na Mama. Bakshishi ya mhudumu ni pourboire, "ya kunywa". Na nina neno lililokwenda njia ya kinyume. Posho huku ilikuwa mgao wa chakula waliopewa wafanyakazi wa migodi kila juma: unga, maharage, samaki mkavu, na chumvi pia, Kijana. Kwa sababu mgao ulifuata juma, neno likahamia kwenye siku zenyewe. Katika Lingala leo poso ni juma zima, siku saba. Marehemu baba alisema "poso mbili" kuhesabu majuma, bila kufikiria unga.

#24 Wa Kampala
Na kwetu posho ni ugali wenyewe, sahanini. Shule ya bweni ni posho na maharage, mwaka mzima.

#25 Shangazi Msomaji
Na Dodoma posho ni bahasha ya kikao. Neno moja, sahani moja, juma moja, bahasha moja.

#26 Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum. Lushois amenigusa, maana mshahara wetu nao umetokana na muda. Kwa Kiarabu shahr ni mwezi, na mushahara ni mapatano ya kulipana kwa mwezi. Hakuna chumvi, unga wala dhahabu ndani yake: mna mwezi tu unaoandama. Ajabu ni kwamba huku Muscat hawalitumii hivyo sana, utasikia ratibu au maashi. Wamisri na Wasudani wana mahiya, nalo ni mwezi tena, ila mwezi wa Kiajemi, mah. Nilipofika hapa kazini nikauliza habari ya "mushahara", karani akanitazama akacheka, akasema nimezungumza kama mkataba wa babu yake.

Juu ya chumvi, mimi nina maelezo ya nne ambayo sijayaona humu. Ukila chumvi ya mtu, umefungwa naye. Waarabu husema baina yetu kuna mkate na chumvi. Wahindi wana namak haram, mtu aliyeila chumvi ya bwana wake kisha akamgeuka. Huenda salarium haikuwa malipo ya chumvi wala ya kununulia chumvi. Ilikuwa ishara: wewe sasa unakula kwangu, utanitii.

#27 Mtumishi
Bwana asifiwe. Mpemba, umenipeleka moja kwa moja Ezra 4:14. Maofisa wanamwandikia mfalme Artashasta na kusema wao wanakula chumvi ya nyumba ya mfalme, hivyo haifai kukaa kimya akivunjiwa heshima. Watumishi wa serikali, wanaeleza utumishi wao kwa neno chumvi! Na Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikaiondoa chumvi kabisa, ikaandika tu kwamba wanapata matunzo kutoka ikulu.

#28 Bwana Kamusi
Mtumishi, hiyo ni Kiaramu cha Uajemi, mbali na Roma. Lakini nakiri ni nzuri, na Pliny anataja heshima na utumishi kwa pamoja. Sina la kuipinga.

#29 Dogo Janja wa Mwembeni
Kwa hiyo hata salamu ni sal? Tukisalimiana tunapeana chumvi?

#30 Mpemba wa Muscat
La, mwanangu. Salamu ni sin, lam, mim, amani. Ila saladi unayokula, soseji na sosi, zote hizo ni chumvi ya Kilatini iliyopita Ufaransa. Salade ni "iliyotiwa chumvi".

#31 Dogo Janja wa Mwembeni
Nimekosa moja nikapata tatu. Shukrani mzee.

#32 Mkenya wa Leeds
Hamjambo. Mwalimu aliandika njia ya neno kwa mstari mmoja kwenye #1, na hapo Ufaransa imepitwa haraka mno.

Baada ya 1066 wakubwa wa England walizungumza Kifaransa na makarani wakaandika Kilatini. Kwa hiyo karibu kila neno la Kiingereza la kumlipa mtu lilipitia mikono hiyo. "Wages" limetokana na wage ya Kifaransa cha kaskazini, ndugu wa gage, dhamana: umeahidiwa. "Pay" ni paier, na nyuma yake Kilatini pacare, kutuliza. Kumlipa mtu ni kumtuliza asiendelee kukudai, na mwenye deni la duka anajua maana yake.

Tauni Kuu ilipoua watu na vibarua kuadimika, Edward III alitoa amri mwaka 1349 kwamba mfanyakazi apokee kile tu kilichozoeleka mwaka wa 20 wa utawala wake. Kilatini cha amri kinapanga majina manne: vadia, liberationes, mercedes seu salaria. Yaani "wages" na "salary" yamekaa mstari mmoja kabla Kiingereza hakijayapokea vizuri, na sheria inayazuia yasipande. Kisha kwa Kiingereza chenyewe neno linaonekana katika shairi la Langland la karne hiyohiyo, Uvivu anapoungama dhambi zake: anasema wakati mwingine watumishi wake salarie zao huchelewa.

Limeingia Kiingereza na malimbikizo yake tayari.

#33 Karani Mstaafu
Mkenya, hilo la mwisho limeniuma. Niliwahi kukaa dirishani miezi mitatu bila cha kuwapa watu. Sitaji wapi. Kila asubuhi wanakuja wananisalimia kwa heshima, "shikamoo mzee, leo vipi?", na mimi natazama meza. Kulikuwa na mlinzi mmoja ambaye hakuuliza kitu, alikuwa anasimama tu mlangoni mpaka saa nne, kisha anaondoka. Huyo ndiye ninayemkumbuka.

#34 Mama wa Chumbageni
Pole, baba. Wengine hatukujua kwamba na karani anaumia.

#35 Mwana Tabora
Wakuu naomba kuwarudisha kwenye chumvi, maana nimeikuta mahali ambapo hamjapatazama: mfukoni.

Hela. Neno hili ni la Kijerumani. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha kugawanya rupia kwa pesa 64, wakaigawanya kwa heller 100, na heller ikawa hela. Bibi yangu alikuwa na moja iliyofuliwa hapa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, heller 20, nzito kuliko inavyoonekana, ina taji, mwaka, na chini herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Aliifunga kwenye kitambaa pamoja na hirizi na hakuna aliyeruhusiwa kuicheza. Sasa hiyo heller jina lake limetoka kwenye mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ulikofuliwa sarafu hizo zama za kati. Na mji wa Hall uliishi kwa chemchemi ya maji ya chumvi. Waliyachemsha kama Uvinza.

#36 Mtoto wa Ruchugi
Kama Uvinza! Sema kweli?

#37 Bwana Kamusi
Anasema kweli kuhusu mji na sarafu. Ila kama jina *Hall* lenyewe maana yake ni chumvi, wataalamu wanavutana: wengine wanasema ni neno la kale la Wakelti la chumvi, wengine ni la Kijerumani lenye maana ya kukausha.

#38 Kijana wa Kariakoo
Kukausha nini? Chumvi! Nakaa hapohapo.

#39 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, mrejesho. Leo Jumatatu nimeingia darasani, nikafuta kichwa nilichoandika wiki jana na kuandika karatasi ya mshahara ya Proculus kama Mzee Karani alivyoipanga, nikawaachia wajumlishe wenyewe. Wakapata 202. Kisha nikawapa bahasha za Mama wa Chumbageni, darasa zima likataja za kwao: hela ya sabuni, ya vocha, ya maji. Chumvi ya mfalme niliieleza, Uvinza pia. Kura ilipigwa. Bahasha 19, Uvinza 14, mfalme 6.

Binti wa dawati la nyuma hakupiga. Amesema anangoja mtu aonyeshe andiko la kabla ya Pliny. Halafu akauliza: "Na *askari* je, Mwalimu, yeye ametoka wapi?"

#40 Mpemba wa Muscat
Huyo mtoto Mungu amhifadhi. Mwambie Kiarabu, askar, jeshi. Wengi wanasema Waarabu walilipata kwa Waajemi, lashkar. Wapo wanaosema ni Kilatini, exercitus.

#41 Kijana wa Kariakoo
Kilatini? Naomba mtu aanzishe uzi mwingine, mimi nakuja.